Mikanda ya nyonga: nilivyomaliza michubuko nyuma ya magoti ya mwanangu

Wenye kichanga aliyevalishwa mikanda ya Pavlik, ile ya kifuani na miguuni ya kumshikilia mtoto ambaye nyonga haijakaa sawasawa, najua mnachopitia, hasa na hili joto la Dar. Wangu anaivaa usiku na mchana, daktari kasema isivuliwe mpaka aseme yeye, sasa jasho likawa linajikusanya nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya mapaja, ngozi nyekundu, inalowa, ukimgusa tu analia mpaka roho inakuuma.

Kilichosaidia ni soksi ndefu za pamba zinazopanda mpaka mapajani na fulana nyepesi chini ya mkanda wa kifuani, yaani mkanda usiguse ngozi popote. Kuoga ni kitambaa laini na maji ya vuguvugu, nafungua mkunjo mmoja mmoja taratibu, napangusa, halafu nakausha kwa kugusagusa bila kusugua. Poda na losheni chini ya mikanda hapana, zinagandana na jasho.

Pampasi inapita CHINI ya mikanda, na simnyanyui kwa miguu, naingiza kiganja chini ya makalio namwinua kidogo basi. Vipimo vya mikanda sivigusi kabisa maana ile miguu kukaa imekunjwa na kupanuka kama chura ndiyo tiba yenyewe, kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kwenye kikombe chake.

Ngozi sasa imekauka vizuri na analala. Ila jamani kila siku angalieni kama anarusha mateke, akiacha kunyoosha goti mpigieni daktari siku hiyohiyo, mshipa wa fahamu unaweza kuwa umebanwa.