Eti huku Uingereza tajiri haingilii kocha

Kocha wa Simba akiondoka, simu zetu tulio nje hujaa sauti za WhatsApp kutoka Kariakoo. Sina neno na kicheko. Sisi Wananchi, yaani watu wa Yanga, watani wakipatwa na jambo lazima tucheke, na wao wakicheka zamu yetu ikifika ni haki yao. Kinachoudhi ni ile kauli inayokuja kicheko kikishaisha: "Tajiri kamwingilia kocha bwana. Huko kwenu Ulaya mambo haya hayapo."

Huko kwenu! Mtu kazaliwa Magomeni, kakulia Magomeni, kadi yake ya uanachama imetolewa Jangwani, makao ya Yanga, akishapanda ndege tu tayari Newcastle ni kwao na anatakiwa aitolee maelezo. Haya, kama mmeshatupa uwenyeji, sikilizeni maneno ya wenyeji. Huku tajiri, yaani mwenye pesa za klabu, anaingilia sana, tena pengine kuliko huko. Ila huku kuingilia kuna bei, na bei inaandikwa kwenye mkataba kabla kocha hajapiga picha na jezi.

Tuanze na hilo la Fadlu Davids, kocha aliyeiacha Simba, maana ndilo lililorefusha ubishi. Alifika Msimbazi, makao ya Simba, Julai 2024 akitokea Raja Casablanca, ambako alikuwa kocha msaidizi. Akaifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025, wakafungwa na RS Berkane 2-0 kule Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Septemba 2025 akaondoka, na alikokwenda ni Raja ileile, safari hii akiwa bosi. Hapo tajiri kaingilia wapi? Mtu aliyekuwa msaidizi kaitwa arudi kukalia kiti kikubwa. Hata angekuwa fundi cherehani angekwenda.

Kabla ya kupaza sauti kijiweni, angalieni mambo yanayoonekana kwa macho. Kocha akiondoka na wasaidizi wake wote, na ndani ya wiki ametangazwa kwingine, huyo kanunuliwa au kajinunua. Akiondoka peke yake, wasaidizi wakabaki mazoezini, huyo katimuliwa hata taarifa ikisema "makubaliano ya pande mbili". Na akikaa miezi bila kazi huku mwanasheria wake akiandika barua, ujue bado anadai. Sisi wenyewe Februari 2025 kocha wetu Sead Ramovic alituacha katikati ya msimu akaenda CR Belouizdad ya Algeria, na hakuna aliyesema tajiri. Tulisema "kafuata maslahi". Akiondoka wa kwetu ni maslahi, akiondoka wa Simba ni tajiri. Kisha Oktoba 2025 kocha wetu mwingine, Romain Folz, akapewa thank you baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, msimu ndio kwanza umeanza, na watani nao wakaleta kauli ileile ya tajiri. Ngoma droo.

Sasa nendeni Newcastle, hiyo mnayosema ni kwetu. Januari 2008 Kevin Keegan alirudi kuifundisha. Mmiliki alikuwa Mike Ashley, na juu ya kocha akamweka Dennis Wise kama mkurugenzi wa soka. Hadharani klabu ilikuwa ikisema Keegan ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu wachezaji. Dirisha la usajili lilipokuwa linafungwa, Wise akamletea jina la Ignacio González, raia wa Uruguay, kwa mkopo kutoka Valencia. Keegan akauliza ni nani huyu. Akaambiwa amtafute YouTube. Hakuna mtu hata mmoja pale klabuni aliyewahi kumwona akicheza. Keegan akakataa, mchezaji akasajiliwa vilevile, na siku chache baadaye, Septemba 4, kocha akajiuzulu. González alicheza mechi 2, zote akitokea benchi.

Hii habari ingetokea Msimbazi au Jangwani ingeishia kwenye vipindi vya michezo vya redio, wiki mbili tumesahau. Keegan alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la makocha wa Ligi Kuu ya Uingereza. Hukumu ikatoka Oktoba 2009, na imeandikwa wazi kwamba ule usajili ulifanywa ili kuwafurahisha mawakala wawili wa Amerika Kusini ambao klabu ilitaka urafiki nao. Klabu ikajitetea kwamba zile kauli za "kocha ana neno la mwisho" zilikuwa za kuridhisha watu tu, yaani ilisimama mbele ya baraza ikakiri kuwa iliwadanganya mashabiki wake. Ikaamuliwa kwamba Keegan kulazimishiwa mchezaji ni sawa na kufukuzwa, kwa hiyo anastahili kulipwa.

Ila hapa ndipo penye funzo kwa anayesoma mikataba. Alidai karibu pauni milioni 25. Akapewa milioni 2. Kwa nini? Mkataba wake ulikuwa na kifungu kinachoweka kikomo: upande wowote ukivunja, malipo ni milioni 2, basi. Alishinda kesi yote na kifungu kimoja kikamla. Alan Curbishley wa West Ham naye aliondoka siku moja kabla ya Keegan, kwa sababu klabu iliuza mabeki wake Sunderland bila ridhaa yake, na yeye akashinda kwa kuwa mkataba ulisema yeye ndiye anayeamua nani aingie na nani atoke.

Chelsea sitasema mengi. Mwaka 2022 Todd Boehly, mwenyekiti mpya, alijipa mwenyewe kazi ya mkurugenzi wa michezo wa muda. Septemba 1 akasajiliwa Aubameyang, mchezaji ambaye kocha Thomas Tuchel alimjua tangu Dortmund. Septemba 7 Tuchel hayupo. Aubameyang akabaki anashangaa.

Na Manchester United ndiyo inayouma mfukoni. Julai 2024 kocha Erik ten Hag aliongezewa mkataba hadi 2026. Oktoba 28 mwaka uleule akafukuzwa. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Pigeni hesabu kwa shilingi: ni zaidi ya bilioni 30. Bei iliyokubaliwa kwa asilimia 49 ya Simba ilikuwa bilioni 20. Yaani pesa ya kumuaga kocha mmoja huku inazidi bei ya karibu nusu ya Mnyama mzima, na chenji inabaki ya kununua mabeki. Kisha kumpata Ruben Amorim kutoka Sporting wakalipa euro milioni 11, kwa kuwa alikuwa na kifungu cha kujinunua cha milioni 10 na mkataba uliotaka notisi ya siku 30. Ndiyo maana hakuanza kazi hadi Novemba 11. Wale mliokuwa mnauliza "mbona hajatua?" jibu lilikuwa notisi, wala si visa wala uchawi.

Wiki chache baadaye tiketi za wanachama kwa mechi za nyumbani zilizobaki zikawekwa pauni 66, mtoto na mzee wa pensheni bei moja. Zaidi ya laki mbili kwa kiti kimoja, na ninyi mnalalamika mzunguko, viti vya bei ya chini uwanja wa Mkapa, ukipanda elfu mbili. Ukisema basi utazame nyumbani, Jumamosi mechi za saa tisa alasiri haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja nchini humu, hata uwe umelipia vifurushi vyote. Aliye kibanda umiza cha Buguruni, banda la kutazamia mpira, kwa buku yake anaiona mechi ya Old Trafford, uwanja wa United, aliye kituo kimoja cha basi na uwanja haioni. Halafu ndiye anaambiwa mpira ni wa kwao.

Turudi nyumbani, maana swali la nani anaingilia huko ni gumu kuliko huku. Ashley alikuwa na klabu yake mfukoni. Simba na Yanga ni za wanachama, angalau asilimia 51 ni zao kwa utaratibu wa serikali, mwekezaji hazidi 49. Kwa hiyo mkisema "mmiliki" hamumsemi mtu mmoja. Anayemvuruga kocha mara nyingi si tajiri kumpigia simu saa nne usiku ampange fulani. Ni kamati kumaliza usajili Juni, kocha anatua Julai anakuta mawinga sita na hana beki wa kushoto. Ni kumletea msaidizi asiyemchagua. Ni mshahara kuchelewa. Kocha mwenye akili anayazuia haya kwa karatasi: majina ya kocha wa viungo, wa makipa na mchambuzi wa video yawe kwenye mkataba, kila mmoja awe na mkataba wake wenye tarehe sawa na ya bosi, na kiandikwe kifungu cha nani anaidhinisha usajili.

Na sheria ipo, tena ya FIFA. Tangu Januari 1, 2021 kanuni za uhamisho zina kiambatisho maalumu cha makocha. Kocha wa kigeni asipolipwa mishahara ya miezi 2, anaiandikia klabu akiipa siku 15. Zikipita kimya, anavunja mkataba kwa haki na kudai. Akifukuzwa bila sababu halali, anadai thamani ya miezi iliyobaki, na akipata kazi nyingine kabla mkataba wa zamani haujaisha, mshahara mpya unakatwa kwenye deni. Ndiyo maana viongozi wajanja huomba dua kocha waliyemfukuza apate timu haraka. Klabu isipolipa ndani ya siku 45 baada ya uamuzi, inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu. Sisi tunaijua ladha ya kufungiwa: 2024 ilitukuta kwa deni la mchezaji, Lazarous Kambole. Kocha mzawa anayeifundisha klabu ya Tanzania njia hii hana; kesi yake inaishia TFF, shirikisho letu la soka.

Kosa linalowaponza wengi ni karatasi ya kuagana. Kocha anaitwa ofisini, anapewa taarifa ya "pande mbili" asaini ili apate tiketi ya ndege, na chini kuna mstari kwamba hana madai yoyote. Akisaini, hata FIFA haimsaidii.

Hili linanileta kwa vijana wenye leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, wanaoulizia njia ya kuja kufundisha huku. Huku kocha mkuu wa kigeni anaidhinishwa na FA, chama cha soka cha huku, kabla ya visa, na kinachoangaliwa ni muda aliofundisha kwenye ligi zilizo katika orodha yao. Ligi yetu haimo. Leseni ya CAF nayo haigeuki ya UEFA, shirikisho la Ulaya, kwa kuvuka bahari. Wengi wataambiwa waanzie kozi za chini za FA, wapande UEFA C, B, A. Kufundisha watoto unatakiwa cheti cha ulinzi wa mtoto, huduma ya kwanza, na ukaguzi wa rekodi za jinai, na kwa kuwa umeishi nje utaombwa pia cheti cha tabia njema cha polisi wa Tanzania. Kichukue kabla hujaondoka, alama za vidole ukiwa Dar ni kazi ya siku, ukiwa huku ni barua na kusubiri.

Mtego mkubwa uko kwa wanaokuja na visa ya mwanafunzi. Visa ile inaruhusu kazi za saa chache kwa wiki wakati wa masomo, na watu hudhani kufundisha mpira kijijini Jumapili ni moja ya hizo. Siyo. Masharti yanakataza kwa jina kazi ya mwanamichezo wa kulipwa na ya kocha wa michezo. Kuosha vyombo hotelini ruksa, kupanga koni uwanjani kwa malipo hapana. Klabu ndogo nyingi hazilijui hili, zitakukaribisha kwa moyo mweupe na kukulipa nauli, na siku ya kuomba visa nyingine picha zako za Facebook ukiwa na filimbi shingoni ndizo zitakazowekwa mezani.