Babu yangu, saisi wa Njoro

Babu yangu mzaa baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 mpaka wazungu wengi wa huko walipoanza kuuza mashamba yao Uhuru ulipokaribia. Kila ninaposoma habari za farasi wa nyanda za juu za Kenya, nakuta majina ya madume yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza, majina ya wenye mashamba, na majina ya farasi waliotwaa vikombe Nairobi. Waliolala mazizini hawatajwi. Mimi naamini kwamba ufugaji ule ulisimama juu ya ujuzi wao, na ndiyo maana naandika.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia walowezi ardhi ya Bonde la Ufa, na Lord Delamere, mlowezi mashuhuri wa Kiingereza, peke yake akapewa ekari 100,000 huko Njoro, katika nchi ambayo Wamaasai walikuwa wakichungia mifugo yao. Farasi wa mwanzo hawakuwa wote wa kifahari. Wengi walikuwa farasi wadogo, wagumu, walioswagwa kutoka Uhabeshi na Usomali kupitia nchi kavu ya kaskazini, na wengine waliletwa kutoka Afrika Kusini na India. Mlowezi mwenye uwezo aliagiza dume la mbio kutoka Uingereza, akalipandisha kwa majike hayo madogo, akitumaini kupata mwana mwenye mbio za baba na ustahimilivu wa mama.

Adui yao mkubwa alikuwa tauni ya farasi. Ugonjwa huu huenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri, hasa baada ya mvua nyingi na katika mabonde yenye maji. Ukishika mapafu, farasi aliyekula vizuri asubuhi anaweza kufa kesho yake huku povu likimtoka puani, na katika hali hiyo wanaopona ni wachache mno. Punda na punda milia huustahimili, na nyumbu wa kuzaliwa na punda na farasi wana nafuu kuliko farasi mwenyewe. Ndiyo sababu baadhi ya walowezi walijaribu hata kumchanganya punda milia na farasi, wakapata wanyama wenye nguvu, lakini tasa. Miinuko ya Njoro, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa salama kuliko nchi ya chini, ingawa mwaka wa mvua nyingi haukuheshimu mwinuko wowote.

Wanasayansi wa Afrika Kusini walithibitisha katika miaka ya 1940 kwamba mwenezi ni usubi, lakini wafugaji wa kule kusini walikuwa wamejua kwa miongo mingi kwamba farasi anayelala nje ndiye anayekufa. Babu alifundishwa kazi kwa kanuni hiyo hiyo: farasi wote wawe ndani kabla jua halijazama, milango ifungwe, na moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe ufuke moshi upande unakotoka upepo. Kisha alipita kwa kila mnyama na kubonyeza kwa kidole gumba shimo lililo juu ya jicho. Shimo likiwa limejaa, limevimba laini, dalili ya tauni ile, alikwenda kumwamsha bwana saa hiyo hiyo. Chanjo zilikuwepo kufikia wakati wake na zilipunguza vifo, lakini hakuacha kubonyeza. "Usubi hauulizi farasi ni wa ukoo gani," alikuwa akituambia.

Jike la farasi hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, na mara nyingi huzaa usiku, kana kwamba linangoja watu waondoke. Babu alizitazama chuchu: zikianza kutoa matone yanayoganda kama nta, alitandika gunia lake kwenye nyasi kavu, akazima taa, akasikiliza. Mtoto akishatoka, alihesabu muda wa kusimama, kisha muda wa kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, kwa kuwa anayechelewa kunyonya ana hatari ya kufa. Kondo la nyuma lilipotoka alilitandaza chini, akalinyoosha kwa mikono miwili na kulikagua pembe zote, maana kipande kidogo kikibaki tumboni, jike linaweza kupoteza kwato au maisha.

Farasi peke yao hawakulisha shamba. Charles Clutterbuck, mmoja wa wafugaji mashuhuri wa farasi wa mbio Njoro, aliendesha pia kinu cha kusaga nafaka. Ngano na mahindi ndiyo yaliyoleta fedha. Pumba na mahindi ya kuparazwa yakarudi mazizini. Jembe na magari mazito havikuvutwa na farasi, bali na maksai, mara nyingi 16 kwa gari moja. Sukari, chumvi, blanketi na misumari vilitoka duka la Mhindi, aliyekopesha hadi mavuno, na ambaye sera ya serikali ilimzuia kumiliki shamba katika nchi ile ambayo watu wake walimtegemea kwa kila kitu. Mwaka 1920, rupia, fedha iliyotumika nchini wakati huo, ilipopandishwa kutoka shilingi moja na peni 4 hadi shilingi 2 za Kiingereza, madeni ya walowezi yaliongezeka kwa nusu bila wao kukopa hata senti.

Jambo linaloniuma ni jingine. Babu alikuwa skwota, yaani Mwafrika aliyeruhusiwa kuishi na kufuga katika shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kuongeza siku za kazi za maskwota hadi 270 kwa mwaka na kupunguza mifugo yao. Kwa hiyo mtu aliyeaminiwa kumzalisha mnyama wa thamani kubwa kuliko nyumba za wafanyakazi wote, gizani, bila msimamizi, alihesabiwa mbuzi wake asubuhi na kuamriwa kuuza waliozidi. Aliwauza kwa bei ya hasara. Mwaka huo alizalisha majike manne, na hakupoteza hata mtoto mmoja.

Bwana wake alipoondoka, farasi wazuri waliuzwa Nairobi na wazee wakapigwa risasi nyuma ya zizi. Babu aliwashika hatamu mmoja mmoja, kwa kuwa hawakukubali kusimama kwa mtu mwingine. Baadaye alipopata kiwanja chake alinunua punda wa kuchotea maji. Punda hasumbuliwi sana na tauni ile, naye alilijua hilo kuliko sisi sote. Hata hivyo, kila jioni baada ya mvua nilimwona akimwingiza kibandani mapema na kupitisha kidole gumba juu ya macho yake, kwanza la kulia, kisha la kushoto.