Tortila za matabaka: nilivyofanikiwa mara ya pili

Mara ya kwanza kisu kilizama kama kimeingia kwenye supu. Nilikuwa nimepanga vizuri kabisa: tortila (zile chapati nyembamba za Mexico), nyama ya kusaga, maharage meusi, jibini, halafu tortila tena, tabaka nne. Kilichofika kwenye sahani hakikuwa na juu wala chini. Tulikula kwa vijiko. Ladha ilikuwepo, sura ndiyo haikuwepo.

Huko Mexico kwenyewe wana pastel azteca, tortila za mahindi zilizopangwa na mchuzi wa pilipili, krimu na jibini, mara nyingi kwa kuku. Hiki changu cha nyama ya ng'ombe na bizari nyembamba ni binamu yake tu, na sikidai zaidi ya hapo.

Kosa langu kubwa lilikuwa tortila za ngano. Zikikaa ndani ya mchuzi kwenye oveni hulainika mpaka zikawa kama donge la unga. Mara ya pili nikatumia za mahindi, tena sikuzipanga hivihivi. Nilizipitisha moja moja kwenye mafuta ya moto, kama sekunde 10 kila upande, mpaka kingo zikaanza kukakamaa huku katikati bado zinakunjika. Mafuta yale huzuia mchuzi usipenye haraka. Ni kazi ya kuchosha, na ya tatu niliiacha ikawa kavu kabisa; nikaivunja nikaila nimesimama palepale.

Nyama, nusu kilo, niliiacha kwenye kikaango bila kuifunika. Mwanzoni hutoa maji na kutokota. Usiweke kitu bado. Subiri sauti ibadilike, ianze kuchachatika, na vipande vya chini viwe na rangi ya kahawia. Hapo ndipo nikaweka kitunguu, saumu, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili ya unga, majani ya kiungo ya oregano na kopo moja la nyanya. Nikapika mpaka nilipoburuta mwiko katikati, njia ikabaki wazi kidogo kabla mchuzi haujarudi. Mara ya kwanza njia ile ilikuwa ikijifunga papo hapo, nami sikujali. Maharage ya kopo niliyaosha na kuyachuja kabisa.

Kupanga ni rahisi. Ila jibini weka kila tabaka, hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayoshikanisha, na tortila ya juu ipake mchuzi mpaka ukingoni. Nilifunika kwa karatasi ya alumini, nikaoka dakika 20 kwa nyuzi 180, kisha nikafunua dakika 10 nyingine jibini ishike rangi.

Halafu nikaiacha mezani dakika 15. Mdogo wangu alishakuja na sahani.

“Dada, si imeiva? Sasa inasubiri nini?”

“Ishikane.”

Alirudi mara mbili zaidi. Jibini ikitoka kwenye oveni huwa inatiririka. Ikipoa kidogo ndipo hushika, na mchuzi nao hutulia.

Safari hii kipande kilitoka kizima, tabaka zote nne unaziona kwa ubavuni. Kona moja nilisahau kuipaka mchuzi, ikakauka ngumu. Mdogo wangu ndiyo aliyoanza nayo, na akauliza kama kuna nyingine.