Swali Moja la Wodini: Siku ya Muuguzi Anayejisomesha Bila Ada

Saa 11:00 alfajiri. Kabla ya kujiandaa kwenda kazini navuta visanduku vyangu vya kadi. Upande mmoja wa kadi swali, upande wa pili jibu. Nikipata, kadi inahamia kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa mara chache. Nikikosa, inarudi cha kwanza. Mbinu hii ilienezwa na Sebastian Leitner wa Ujerumani mwaka 1972, nayo haidai zaidi ya karatasi na mkasi. Leo kadi mbili za dozi zimenishinda. Zimerudi mwanzo.

Saa 1:30 asubuhi. Makabidhiano ya zamu. Mwenzangu wa usiku ananiambia kanula (kijimrija cha plastiki kilicho ndani ya mshipa) ya mama wa kitanda cha sita imefika siku ya nne, ibadilishwe. Mishipa ya mama huyu ni ya kutafuta kwa tochi. Naangalia mkono: hakuna wekundu, hakuna uvimbe, dripu inapita vizuri.

"Mwanangu, hii hainiumi. Kwa nini unaitoa?"

Nikamjibu kwamba ndio utaratibu wa wodi. Nikaitoa, nikaupata mshipa mwingine kwa jaribio la pili, naye akavumilia. Lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Nikaliandika swali lake kwenye kijidaftari cha mfukoni.

Saa 7:20 mchana. Mapumziko. Kwenye simu nafungua PubMed, hazina ya mihtasari ya tafiti za afya, iliyo wazi bure kwa kila mtu tangu 1997. Siku hizi siandiki sentensi nzima. Naligawa swali: mgonjwa gani, tunamfanyia nini, tunalinganisha na nini, tunaogopa nini kitokee. Kwa njia hiyo nikaupata uchambuzi wa 2019 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti nyingi kwa pamoja; ulikusanya majaribio 9 yenye wagonjwa 7,412. Haukuona tofauti ya wazi ya maambukizi ya damu kati ya kubadilisha kanula kwa ratiba na kuibadilisha dalili zinapojitokeza. Ila kwa ratiba, kuziba na dawa kuvujia nje ya mshipa huenda hupungua kidogo. Hapo ndipo ninapopenda kusoma mwenyewe, kwa sababu anayesimulia kwa haraka huiacha ile "ila".

Muhtasari ni wa bure, lakini makala kamili mara nyingine hufungwa kwa malipo. Sijawahi kulipia. Kwanza naangalia PubMed Central, yenye makala kamili za bure, kisha Unpaywall, inayotafuta nakala halali za bure. Ikishindikana namwandikia mtafiti mwenyewe kwa heshima, wengi hutuma. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo zina pia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifungulia majarida ya afya, ulioanza 2002. Muulize mkutubi wako, huenda nywila ipo na hakuna aliyeiomba.

Saa 9:00 alasiri. Nampelekea sista kiongozi uchambuzi huo. Anasoma taratibu, kisha ananiuliza: "Tukiacha ratiba, nani ataziangalia kanula kila zamu, na ataandika wapi?" Ni swali zito kuliko langu. Utaratibu haubadilishwi na msomaji mmoja wa mchana. Ananipa dakika 30 za Ijumaa, ambapo tunasoma makala moja pamoja, wanafunzi wakiwemo. Napenda vikao hivi kuliko semina yoyote ya kulipia, maana huwezi kumweleza mwenzako kitu ulichokisoma nusunusu.

Saa 1:00 jioni. Somo fupi la mtandaoni la kuzuia maambukizi, bure. Baadhi ya kozi za mtandaoni husomwa bila malipo na hutoza cheti tu, kwa hiyo kabla ya kulipa nauliza baraza la taaluma kama litakitambua.

Saa 3:00 usiku. Nakata kadi mpya. Upande wa mbele nayaandika maneno ya yule mama kama alivyoyasema: "Hainiumi. Kwa nini unaitoa?" Naiweka kisanduku cha kwanza.