Mjomba, mtungi na wali wa mama

Mwaka 2006 nilikua darasa la sita, tunakaa Ngamiani, na ule mgao wa umeme wa ukame ndo umepamba moto, bwawa la Mtera maji yamekauka, umeme unakatika asubuhi unarudi watu tushalala. Sasa mjomba, mdogo wake mama, alikua fundi kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar, akaja Tanga likizo na mtungi wa gesi wa kilo 15 kwenye buti la basi (hadi leo sijui konda alimkubalia vipi).

"Dada, leo mkaa unapumzika."

Mama kauangalia tu. Bibi ndo kabisa, akabeba mkeka wake akahamia barazani.

Mjomba akafunga regyuleta, akapaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama gesi inavuja, haikuvuja, akawasha. Moto wa bluu, hauna moshi. Akabandika sufuria la maji hapo na lingine kwenye jiko la mkaa la mama, akatuita watoto wote tuje tuone, mfuniko ulipoanza kucheza akasema huo mvuke ndo unaozungusha mtambo. Kituo cha makaa ya mawe kinasaga makaa yawe unga, yanapulizwa kwenye tanuru, maji yanachemka, mvuke unazungusha turbaini, yani gurudumu la mapanga kama feni, turbaini inazungusha jenereta. Ukitaka kuhamia gesi unavuta bomba unabadilisha vichomeo, turbaini na jenereta zinabaki zilezile, na majivu ya kumwaga huna tena. Akatutajia Hearn, kituo cha Toronto kule Canada, kilianza na makaa 1951, 1971 kikahamia gesi, 1983 kikafungwa.

"Maji hayajui yamechemshwa na nini," anasema, kaona kamaliza kila kitu.

Nikauliza na Ubungo? Akasema pale hata maji ya kuchemsha hakuna, moto wenyewe ndo unasukuma turbaini, zamani zilikua zinakunywa mafuta kama ya ndege, 2004 ndo gesi ya Songo Songo ikafika kwa bomba toka kule Kilwa. Sasa mbona tuko gizani? Akacheka, akasema nchi bado inabebwa na mabwawa mwanangu, gesi yenyewe bado kidogo. Hata hii ya mtungini sio ya Songo Songo, hii inakuja na meli.

Mama alikua anakuna nazi muda wote huo kimya.

"Sawa, maji hayajui. Wali nitaupalia na nini?"

Wali wa nazi kwetu ukikaribia kukauka unafunikwa, makaa yanapangwa juu ya mfuniko, uive juu na chini. Mjomba akasema utapunguza tu moto dada, mbona rahisi. Akapunguza yeye mwenyewe. Dakika kumi baadae chini unanuka kuungua, juu punje bado zina kiini.

Mama hakusema neno. Akazima gesi, akachukua koleo, akatoa makaa mekundu jikoni kwake akayapanga juu ya mfuniko moja moja. Tulikula saa tatu usiku kwa kibatari, bibi karudi ndani, na ule ukoko mweusi mjomba kaula wote peke yake bila kuombwa. Asubuhi namkuta uani kachuchumaa, anasugua sufuria kwa majivu ya jiko la mama.