Nguvu Isiyo na Bei Hainivutii

Wiki hii nimerudi tena kucheza Geneforge, gemu ya mwaka 2001 ambayo kwa macho ya leo haina cha kumvutia mtu. Picha ni za kizamani, watu ni vijisanamu vidogo kwenye ramani inayotazamwa kutoka juu, na sehemu kubwa ya mambo unayasoma badala ya kuyaona. Hata hivyo, kila ninapokwama na gemu ninayoitengeneza mwenyewe naifungua hii, wala si zile zilizotengenezwa na mamia ya watu kwa mamilioni ya dola.

Aliyeitengeneza ni Jeff Vogel wa Seattle, Marekani. Alianzisha Spiderweb Software mwaka 1994, na mwaka uliofuata akatoa gemu yake ya kwanza, Exile: Escape from the Pit, kwa utaratibu wa enzi zile: mwanzo unacheza bure, ukinogewa unalipia iliyobaki. Kampuni haikuwahi kuwa kubwa. Gemu ile ya kwanza ameiunda upya mara mbili kwa jina la Avernum, na picha zake anazihamisha kutoka gemu moja hadi nyingine bila kuficha. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi namheshimu, kwa sababu najua picha inavyokula muda wa mtu anayefanya kazi peke yake. Saa ambazo Vogel hakuzitumia kuchora upya mti na ukuta alizitumia kuandika watu, na ukicheza unaziona.

Katika Geneforge wewe ni mwanagenzi wa Shapers, watu wenye elimu ya kuumba viumbe hai na kuvitumikisha. Chombo chako kinashambuliwa baharini, unaishia kwenye kisiwa cha Sucia, ambacho Shapers walikihama zamani na kupiga marufuku mtu yeyote asikikanyage. Viumbe walioachwa huko wameishi vizazi vingi bila bwana, wakagawanyika makundi matatu. Obeyers bado wanawangoja mabwana zao kwa unyenyekevu wote. Awakened wanataka wahesabiwe kuwa sawa na waliowaumba. Takers wamechoka kuomba, wanajiandaa kwa vita. Unaweza kuungana na kundi lolote, au ukapita njia yako. Hakuna sauti inayokunong'oneza nani mwema. Obeyers wanakupokea kwa heshima kubwa, na kupokewa hivyo kunapendeza. Ndipo unapojikuta unajiuliza kwa nini kunapendeza.

Halafu kuna mikebe. Imetapakaa kisiwani. Ukiutumia mmoja, papo hapo unapata uwezo ambao usingeupata upesi kwa njia ya kawaida. Haudai fedha wala pambano. Lakini kila mkebe unakugeuza kidogo ndani, na ukizidisha, mhusika wako anaanza kuwajibu watu kwa kiburi, na mwisho wa hadithi unabadilika kwa sababu yake. Mchezaji aliyezoea kuokota kila kinachong'aa njiani anafika mwisho akiwa mtu ambaye hakukusudia kuwa.

Kwangu mimi ubunifu wa gemu za uhusika, zile unazoishi ndani ya mhusika na kumkuza, uko hapo. Tangu Dungeons & Dragons ya kuchezwa mezani ilipotoka mwaka 1974, aina hii ya michezo imekuwa ikihesabu: umepanda ngazi, umeongeza nguvu, upanga wako sasa unakata zaidi. Hesabu yenyewe haina ubaya, nami naipenda. Kinachonichosha ni nguvu inayoongezeka bila kupunguza kitu chochote. Mhusika wa ngazi ya hamsini anaongea na muuza samaki kama alivyoongea siku ya kwanza, na muuza samaki naye anamjibu vilevile. Basi amekua wapi?

Toby Fox aliligusa jambo hili kutoka upande mwingine. Undertale yake ya 2015, aliyoitengeneza kwa sehemu kubwa peke yake, inakuruhusu kuimaliza bila kumuua adui hata mmoja. Kilichonikaa zaidi lakini ni kumbukumbu yake. Ukimuua Toriel, anayekupokea kwa wema mwanzoni mwa gemu, ukajuta, ukarudi pale ulipohifadhi mchezo na safari hii ukamwacha hai, kuna kiumbe kinachokuambia kwamba kinajua ulichofanya. Tumezoea kuhifadhi na kurudi nyuma kama haki yetu isiyohojiwa, na hapo mtu mmoja ameigeuza kuwa sehemu ya dhamira ya mchezaji. Hilo halihitaji kompyuta ya bei mbaya wala timu ya wachoraji.

Gemu yangu inafanyika kwenye bandari ya kubuni huku kwetu pwani, na mchezaji ni kijana anayeanza kazi kwenye jahazi. Mwanzoni niliweka kipimo cha sifa juu ya skrini, kile cha mstari wa kijani na mwekundu. Nimekiondoa. Atajua anavyotazamwa mjini kwa jinsi anavyosemeshwa. Bibi wa duka la vyungu anamwita "mjukuu wangu". Kijana akimdhulumu mtoto wa bibi huyo kwenye mizigo, kesho yake bibi atamwambia "karibu, bwana", na bei itabaki ileile. Mzee anayeshona tanga, ambaye kila asubuhi huitikia shikamoo yake na kumuuliza habari za mama yake, ataitikia marahaba tu na kuendelea na sindano. Yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili atahisi hapohapo kwamba kuna kitu kimeharibika, na atataka kujua kama kinarekebishika. Baadhi vinarekebishika. Vingine nimeamua visirekebishike, na naamini mchezaji ataniheshimu kwa hilo kuliko ningempa njia ya kununua msamaha.

Magendo ya usiku ndiyo mikebe yangu. Nahodha anamfundisha kijana njia ya kupitia mikokoni, fedha zinakuja haraka, na kila safari inamwondoa mahali alipotarajiwa kuwa: arusi ya rafiki, ugonjwa wa jirani, siku ya kumzika mtu aliyemfundisha kufunga kamba. Gemu haimkaripii. Watu wanazungumzia jambo lililotokea, na yeye hakuwepo.

Kuandika namna hii kunataka muda mwingi, kwa hiyo mji wa pili nimeufuta kwenye mpango, ingawa nusu yake ilikuwa imeshachorwa na msikiti wake wa mawe ya matumbawe ulinipendeza sana. Bandari moja inatosha, maadamu kila aliyemo anakumbuka. Kesho naanza na mchukuzi wa gatini: mazungumzo marefu kwa mchezaji aliyemlipa ujira wake, na kwa aliyeondoka na ujira huo, hata neno moja sitamwandikia.