Namna nilivyochagua kompyuta ya gemu ya mkononi nikiwa Kigoma

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini, na katika kazi hii umeme ukikatika hakuna linaloendelea: mashine ya kopi inanyamaza, printa inanyamaza, na mteja mwenye fomu yake anaondoka kutafuta duka lenye sola. Saa hizo za kukaa bure ndizo zilizonifanya nifikirie kununua kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, kwa kuwa gemu nilizokwisha kuzinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, kwa miaka mingi zilikuwa kwenye kompyuta ya mezani ambayo nayo haina faida bila umeme.

Mashine zilizoshindania fedha zangu zilikuwa tatu: Steam Deck ya kampuni ya Valve, iliyoanza kuuzwa Februari 2022 na kupata toleo la kioo cha OLED Novemba 2023, ROG Ally ya ASUS, iliyotoka Juni 2023 na kufuatiwa na Ally X mwaka 2024, na Legion Go ya Lenovo, iliyotoka mwishoni mwa 2023. Zipo nyingine, kama Claw ya MSI yenye prosesa ya Intel, lakini wauzaji wa Kariakoo niliowasiliana nao hawakuwa nazo, nami sikuzifuatilia zaidi.

Wengi wanaolinganisha mashine hizi huanza na kasi, na kwa kasi Steam Deck inaachwa nyuma, maana prosesa ya Z1 Extreme iliyomo kwenye Ally na Legion Go ina nguvu kuizidi. Mimi nilianza na betri, kwa sababu mashine ninayoihitaji wakati umeme haupo haina maana kama yenyewe inazima kabla umeme haujarudi. Steam Deck ya kwanza na ROG Ally ya kwanza zote zina betri ya wati-saa 40 (wati-saa ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri), na mtu akiishia hapo atadhani zinalingana. Hazilingani, kwa kuwa prosesa ya Deck imewekewa kikomo cha wati 15, ilhali ile ya Ally huruhusiwa kufika wati 25 na kuzidi, kabla hujahesabu kioo, feni na Wi-Fi. Ukichukua kalamu ukagawa, utaona kwamba gemu nzito inaweza kumaliza chaji ya Ally hiyo kwa saa moja na ushei. Deck ya OLED ina wati-saa 50, na Legion Go ina 49.2, ila betri ya Legion inalisha kioo cha inchi 8.8 chenye pikseli, yaani nukta za picha, 2560 kwa 1600. Aliyelitatua suala hili ni Ally X, kwa betri ya wati-saa 80, mara mbili ya mtangulizi wake, pamoja na RAM ya GB 24. Lakini bei yake Marekani ilipotoka ilikuwa dola 799, na Deck ya OLED ya GB 512 ilikuwa dola 549, kabla ya usafirishaji na kodi, na tofauti hiyo ya dola 250 kwangu ni wino na rimu za karatasi za muda mrefu.

Kioo nacho kinaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Deck ina pikseli 1280 kwa 800, yaani kama milioni moja, na Ally ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Kila pikseli ya ziada ni kazi ya ziada kwa prosesa, na kazi hiyo inalipwa na betri. Kwa kioo cha inchi saba na ushei, pikseli milioni moja zilinitosha.

Kuhusu uzito nilifanya jambo ambalo jirani yangu alilicheka. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina takriban gramu tano. Deck ya OLED ina gramu 640, hivyo nilihesabu karatasi 128 nikazishika kwa mikono miwili kama mtu anayecheza; Legion Go pamoja na vishikio vyake ina gramu 854, nikaongeza mpaka 171. Tofauti hiyo huisikii dakika ya kwanza, unaisikia kwenye vifundo vya mikono baada ya muda, na hapo ndipo Legion Go ilipotoka kwenye orodha yangu, ingawa vijiti vyake vya kuongozea ni vya sumaku na kwa hiyo haviko katika hatari ileile ya kulika na kuanza kujisogeza vyenyewe.

Zikabaki Deck na Ally X, na hapo aliingia mpwa wangu, anayenisaidia dukani akitoka shule.

“Mjomba, kama haichezi mpira hiyo si ya kununua,” alisema.

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Deck inatumia SteamOS, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, na gemu za Windows huchezeka humo kupitia programu iitwayo Proton. Maelfu ya gemu hufanya kazi vizuri kwa njia hiyo, lakini zile zenye programu kali za kuzuia udanganyifu hugoma, na EA SPORTS FC, gemu ya mpira anayoitaka mpwa wangu, ni mojawapo, pamoja na Fortnite na Valorant. Ally X huja na Windows 11 na haina kikwazo hicho. Deck nayo inakubali kuwekewa Windows, lakini ukifanya hivyo unapoteza kile hasa kinachoifanya ifae dukani: mteja akiingia nabonyeza kitufe cha kuwashia, gemu inalala palepale ilipofikia, namhudumia, kisha nabonyeza tena na kuendelea. Windows kwenye mashine hizi ndogo haijawa ya kutegemewa kiasi hicho katika kulala na kuamka, na masasisho yake makubwa hula bando mtu asipoyadhibiti. Nilimwambia mpwa wangu kwamba mpira utabaki kwenye kompyuta ya mezani, akakubali kwa shingo upande. Kama mpira ndio ungekuwa gemu yangu kuu, ningeongeza fedha nikachukua Ally X bila kubishana na mtu.

Kwa bando la gemu zenyewe mashine zote ziko sawa, na hapa kuna njia inayostahili kujulikana zaidi. Red Dead Redemption 2 inahitaji GB 150, mzigo ambao hakuna mwenye akili atakayeupakua mara mbili kwa data ya simu. Tangu 2023 Steam inaruhusu gemu iliyoko kwenye kompyuta moja ihamishiwe nyingine iliyo kwenye ruta hiyohiyo; intaneti hutumika kwa kuingia kwenye akaunti na uhakiki mdogo, mzigo wenyewe ukipita ndani ya ruta. Gemu zangu zote zilihama hivyo kutoka kompyuta ya mezani.

Suala la ufundi lilikuwa la mwisho. Valve hawauzi Deck rasmi Tanzania, kwa hiyo nilihesabu kwamba waranti haipo. Nilimwonyesha fundi simu wa jirani video ya Valve wenyewe ya kufungua Deck, naye akaona kwamba mfuniko wa nyuma unashikwa na skrubu nane tu. “Hii naifungua, kaka, mradi upate kipuri,” akasema. Vipuri vinauzwa na kampuni ya iFixit tangu 2022, na hilo lilinitosha.

Ununuzi nilimkabidhi mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, kwa maelekezo niliyomwandikia. Ahakikishe kitufe cha kuwashia kina rangi ya chungwa, kwa kuwa cha toleo la OLED ndicho chenye rangi hiyo. Afungue mipangilio aone kama kioo kinafika hezi 90, yaani picha 90 kwa sekunde, maana cha LCD, kile cha toleo la kwanza, huishia 60. Azungushe vijiti vyote viwili kwenye ukurasa wa majaribio. Achomeke chaja aone inapokea. Na fedha zitoke baada ya hayo yote. Kwenye duka la kwanza kitufe kilikuwa cheusi ingawa muuzaji alisisitiza kwamba ni OLED, mdogo wangu akashukuru na kuondoka. La pili lilikuwa sawa, na alikuja nayo mwenyewe alipopata likizo.

Nilichoongeza ni pawabenki, na hapa namba ya mAh pekee haitoshi. Ile ya mAh 20,000 hubeba takriban wati-saa 74, inayotosha kuijaza Deck mara moja na kubakiza kidogo, lakini chaja ya Deck ni ya wati 45, na pawabenki inayotoa wati 10 hushindwa hata kufidia kile gemu inachotumia. Nilichukua inayotoa wati 45 kwa waya wa USB-C, nayo hushinda imechomekwa nyuma ya printa ili umeme ukikatika iwe imejaa.